Mshika Taa Niliyemshuku

Ninyi vijana mnaosoma haya, naomba kwanza mtazame juu. Ndiyo, sasa hivi. Mmekaa chini ya dari hiyo tangu asubuhi na sidhani kama kuna mmoja wenu aliyejiuliza imeshikwa na nini. Mimi siwezi kuingia chumba cha mtu bila kuangalia juu kabla sijamwamkia. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema babu anatafuta popo. Waache wacheke. Nimefanya kazi ya kushuku kwa miaka kumi na tisa, nami naizungumzia leo kwa sababu kazi hiyo nusura inipotezee ndugu.

Kazi yenyewe ilikuwa kugonga miamba. Ilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya vita vya Hitla, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ambao jina lake halina kazi hapa. Baruti ikishalipuliwa na moshi ukishapungua, mimi ndiye niliyetangulia kuingia handakini. Wenzangu kama sabini walibaki nyuma wakisubiri niseme mahali ni pazuri. Nilikuwa na mtaimbo wa chuma mrefu kuliko mimi, nao niliugonga darini hatua kwa hatua. Mwamba mzima unalia, mlio wake mkali unashuka na chuma mpaka kwenye kiganja. Mwamba uliokufa unatoa mlio mzito wa ngoma iliyolegea. Huo unauangusha hapo hapo, kabla haujaamua wenyewe saa ya kuanguka.

Aliyenifundisha ni nyapara wetu, Mzee Mbaruku, Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu asiyekosa sala hata moja. Alikuwa amezunguka migodi mingi kabla ya huo wetu. Siku yangu ya kwanza aliniambia nigonge kipande kimoja cha dari nimwambie hali yake. Nikagonga mara tatu, nikasema ni kizima.

"Una hakika?" akauliza.

"Nina hakika, mzee."

"Haya, kaa hapo chini yake ule chakula chako. Mimi nitasimama kule nikutazame."

Nilikaa. Nilikuwa nimebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo kwetu Usukuma havikosi nyumbani. Nilikula kichwa kikiwa juu kama kuku anayekunywa maji. Nilipomaliza, Mzee Mbaruku alisema kwamba sasa nimejua uzito wa neno "kizima", na nisilitamke tena kama sijawa tayari kula chakula chini yake.

Mengine alinifundisha taratibu. Unaanzia kugonga pale ulipo, ambapo umeshapahakiki, ndipo unasogea mbele. Huendi mbele ukagonga kwa kurudi. Unapanua miguu. Njia ya nyuma yako isiwe na jiwe wala kamba, maana ukikimbia utakimbia kinyumenyume. Huimbi wala hupigi mluzi. Na masikio yawe wazi. Hili la masikio nililijua kwa aibu, kwani kuna siku niliukataa mwamba wote wa handaki, hatua themanini, nikasema wote umekufa. Kazi ikasimama. Mzungu wa zamu akashuka mwenyewe, akagonga, akashangaa, kisha akanisogezea taa kichwani na kunichomoa pamba sikioni kwa vidole vyake. Nilikuwa naumwa sikio tangu juzi yake na nilisahau kuitoa. Waliniita Bwana Pamba kwa mwaka mzima.

Sasa mgongaji haingii peke yake. Yeye anatazama juu, hawezi kutazama kitu kingine, kwa hiyo nyuma yake anasimama mtu wa kumshikia taa. Taa zenyewe hazikuwa hizi za betri za kuvaa kichwani ambazo zilikuja baadaye. Zilikuwa taa za gesi za mkononi. Chini unatia mawe ya kijivu, juu unatia maji, maji yanadondoka juu ya mawe na hewa inayotoka ndiyo inayowaka. Mshika taa anakumulikia, anakutazamia pembeni, na akiona vumbi linamwagika mahali anapiga kelele. Maisha yako yako mkononi mwake, nawe umempa mgongo.

Wangu aliitwa Andrea. Alitoka upande wa Kharumwa, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nene iliyoshikilia kwaya yetu nzima. Tulibatizwa siku moja katika bwawa moja. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili na sikuwahi kugeuka nyuma kumwangalia.

Kisha zikaja habari kwamba Mzee Mbaruku anatafuta msaidizi, na jina linalotajwa ni la Andrea. Mimi niliyekuwa nagonga nikaachwa, yeye aliyekuwa anashika taa akatajwa. Wivu ulinichoma, siwafichi. Nilimkuta bombani watu wanateka maji, nikamwambia mbele yao kwamba kazi yake ni ya kusimama tu, hata kinara cha mbao kingeiweza. Andrea akasema, "Bebe Mabula, wewe, iko siku utaitafuta hiyo taa."

Baada ya siku nne taa ilizimika.

Nilikuwa napiga kwa nguvu kipande kilichokataa kushuka. Ghafla giza. Halafu kishindo, na kitu kizito kikanipiga mkono wa kushoto. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mgongo wa Andrea, amenibeba anapanda ngazi moja baada ya nyingine, anahema na kusema maneno ambayo sikuyasikia. Mimi nilikuwa na maneno ya bombani tu kichwani. Vidole viwili vilikatwa. Nikarudi kwa mama yangu, karibu na Kolandoto, nikakaa miezi miwili jeraha likikauka, na kila siku niliyagonga yale maneno yake nikayasikia yanalia vilevile.

Niliporudi kazini sikumwuliza mtu kitu. Asubuhi tulipokusanyika mdomoni mwa shimo kuitwa majina, nilinyanyua mkono wangu uliofungwa, nikasema kwa sauti, "Andrea alizima taa. Alisema atafanya, akafanya."

Hakuna aliyeuliza nimejuaje. Neno kama hilo shimoni halihitaji shahidi, kila mtu anaufikiria mgongo wake. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekubali kushuka na Andrea. Ule usaidizi aliusikia kwa wengine. Walimtoa chini wakampeleka juu kusukuma toroli na kuponda mawe juani, na mkewe akawa anateka maji peke yake, wanawake wa kambini wakisubiri aondoke kwanza.

Je, nilisikia vibaya? Hapana. Nilisikia raha, na nilijiambia ni haki.

Kanisani tuliendelea kukutana. Katika Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nilikohoa. Nilikohoa kila Jumapili. Mke wangu, Mama Ester, aliniuliza mara moja tukirudi nyumbani, "Baba Ester, hiki ni kikohozi gani kinachojua mahali pa kuja?" Nilimwambia ni vumbi la mgodi. Naye mzee wa kanisa alipopita nyumba kwa nyumba kabla ya Meza ya Bwana, kama ilivyo desturi yetu, akiuliza nani ana neno na mwenzake, nilimjibu sina neno na mtu. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilimshuku kwamba ametumwa na Andrea. Nikashiriki Meza, nikatafuna mkate huku nakitazama kisogo cha Andrea viti vitatu mbele yangu. Nawaambia haya yote mjue anayezungumza nanyi ni mtu wa namna gani.

Mwaka wa tatu uamsho ukatufikia. Waliingia watu kutoka magharibi, wakiimba, wakitubu mambo hadharani. Mtu anasimama anataja kuku aliyeiba kabla ya vita. Wengi walilia, mimi nilihesabu nani analia bila machozi. Jumapili moja, mchana baada ya ibada, Andrea akabisha hodi kwangu.

"Mabula, nimekuja kutubu kwako," akasema akiwa bado amesimama.

Nikamwita Mama Ester akae awe shahidi. Nikajinyoosha kitini, nikauweka ule mkono wa vidole vitatu juu ya goti auone vizuri.

"Wakati ule tukifanya kazi pamoja," Andrea akasema, "ulikuwa unaacha kopo lako la michembe kwenye jiwe. Nilikuwa nakula. Si siku moja. Ulilaumu panya nami nikakuitikia, nikakusaidia kutega mtego. Nisamehe, ndugu yangu."

Mama Ester alijizuia kwanza, kisha akatoka nje, na tulimsikia akicheka mpaka kwa jirani. Mimi sikucheka.

"Na taa?" nikamwuliza.

"La taa sina cha kutubu."

Nilimwambia aondoke na toba yake. Niliona nimemshika kabisa sasa. Ametoa dogo ili afunike kubwa, kama mtu anayekuonyesha mfuko mmoja getini wakati wa kupekuliwa. Kwa siku kadhaa niliwaeleza hata wasiotaka kusikia. Na nilikasirika kwamba wao waliishia kucheka habari za panya.

Haukupita muda mrefu, mshika taa wangu mpya akaugua. Mzee Mbaruku akasema siku hiyo atagonga yeye na mimi nimshikie taa, anyooshe mifupa. Nikasimama nyuma yake. Alikuwa anapiga kwa nguvu, chuma kinalia, na mimi namulika vizuri kabisa, maji yamejaa, sikugusa pa kuizimia hata kwa kidole. Ikazimika. Ilizimika tu mkononi mwangu, giza likaja lote kwa mara moja, na baadaye kidogo vumbi likatufikia puani.

"Mabula," sauti ya Mzee Mbaruku ikatoka gizani, polepole, "umeizima?"

"Sijaizima, wallahi!" Mimi, Mkristo wa kubatizwa, naapa Kiislamu.

Akawasha kiberiti. Uso wake ulinitazama kwa namna ambayo naijua, kwa sababu ndivyo mimi nilivyomtazama Andrea miaka mitatu. Nilitaka kumwambia mambo kumi na sikuona hata moja ambalo angeliamini. Kisha akainusa hewa, akachukua taa mkononi mwangu, akaiwasha, tukasogea mbele mpaka penye kona. Jiwe kubwa lilikuwa limeanguka huko, jipya, na mlio wake ulimezwa na kelele za mtaimbo.

"Jiwe kama hili linasukuma hewa," akasema. "Handaki ni jembamba, hewa haina pa kwenda. Upepo wake unazima taa. Nimeshaona mara mbili, huko nilikokuwa."

"Na siku ile yangu? Mbele kulikuwa na jiwe?"

"Lilikuwepo. Tuliliondoa kesho yake. Ila kama lilianguka kabla ya taa kuzimika au baada, nani anajua? Sikuwepo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja na maneno yako yamekwisha kuiva, ukayatoa mbele ya watu. Nilijaribu kusema, hakuna aliyetaka kushuka naye. Sasa mimi nifanyeje na watu sabini?"

Sikulala vizuri tena wiki ile. Msidhani nilibadilika mara moja nikamwona Andrea malaika. La. Niliona tu kwamba nilisema "kizima" juu ya kitu ambacho sikukigonga hata mara moja, na mtu mwingine ndiye aliyewekwa chini yake. Nilimfuata kwenye mawe yake, saa ya kupumzika. Alikuwa amekaa kivulini mwa toroli, mikono imepasuka.

"Andrea, nataka kukuuliza kitu kimoja tu."

"Ni taa. Sitakujibu."

"Kwa nini?"

"Nilishakujibu. Nilikujibu nikiwa nimekubeba, ngazi zote zile, mpaka nikaishiwa pumzi. Hukusikia kwa maumivu, au hukutaka, sijui. Leo nikikujibu utalichukua jibu langu ukaligonge, usikilize kama linalia. Mimi si mwamba, Mabula."

Nikamwambia nitasimama kanisani Jumapili, mbele ya waumini wote, niombe msamaha. Nilijiona nimetoa kikubwa. Andrea akatikisa kichwa.

"Kanisani ulinifanya nini? Kanisani hukunitaja hata siku moja. Uliniharibia pale, mdomoni mwa shimo, mbele ya Waislamu na Wapagani, Wanyasa na Waha. Ukienda kunitengenezea kanisani, watu wataimba, wanawake watapiga vigelegele, na Jumatatu nitasukuma toroli hilihili."

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kanisani ukitubu unapendwa zaidi. Shimoni ni kinyume. Mgongaji anaishi kwa neno lake, hana cheti kingine. Nikisimama mbele ya watu sabini niseme nilimhukumu mwenzangu bila kuhakiki, nani atapita chini ya mwamba niliousema mzima? Nilimpelekea Mzee Mbaruku jambo hilo, akanieleza bila kupamba, "Ukisema, huenda nikakukosa. Nao wakikukataa sitawalazimisha." Kisha akaenda kusali adhuhuri yake, akaniacha hapo.

Nilichukua siku sita. Nilimshuku Andrea kwamba anataka kulipiza. Nilijishuku mwenyewe kwamba natafuta sababu ya kunyamaza, na hapo, kwa mara ya kwanza, nilishuku mahali panapostahili.

Jumatatu asubuhi, majina yalipoitwa, nilipiga hatua mbele. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisukuma ili asiwepo wa kusingizia hakuelewa. "Niliwaambia Andrea alizima taa. Sikuona akizima. Sijui kama alizima. Nilikuwa na wivu naye kabla ya siku ile, nikawapa ninyi neno ambalo sikulihakiki. Yeye ndiye aliyenitoa chini. Namwomba radhi hapa nilipomharibia jina, na ninyi nawaomba radhi."

Halafu mmoja akacheka. Mwingine akauliza kwa sauti, "Na mwamba wa jana, huo uliuona?" Watu wakaanza kukaa chini, mmoja mmoja, mikono imekunjwa. Mshika taa wangu mpya, ambaye alikuwa amepona, aliiweka taa ardhini karibu na mguu wangu akarudi nyuma kwa adabu, bila kunitazama. Nilibaki na mtaimbo wangu katikati ya uwanja. Nilitamani ardhi ipasuke, na mimi ni mtu niliyejua vizuri inavyopasuka.

"Nani atashuka naye?" Mzee Mbaruku akauliza.

Alitokea kwenye matoroli, anajifuta mikono kwenye kaptula. Andrea hakuniangalia. Aliiokota taa, akaitikisa karibu na sikio, akasonya kwa sababu maji yalikuwa nusu, akaenda kuijaza. Akarudi, akaiwasha.

"Twende," akasema. "Jua linapanda."

Watu walitushuhudia tukishuka. Tulipopandisha neno kwamba mahali ni pazuri, walikaa kwanza, kisha Waha wawili wakasimama, na kabla ya saa ya chakula wote walikuwa chini. Nadhani walishuka kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Kama aliyenyimwa kazi miaka mitatu anaweza kusimama chini ya mwamba wangu, wao wana kisingizio gani.

Sasa nasikia siku hizi mnapatana upesi. Mnakumbatiana mbele ya mchungaji, mnapigwa makofi, mnaenda kunywa chai. Sisemi ni uongo. Nasema nawashuku kidogo, kwa sababu mimi nilisema maneno yote yanayotakiwa kusemwa, mahali panapotakiwa, na bado asubuhi ileile, chini kule, nilipoinua mtaimbo na kumpa Andrea mgongo, shingo yangu iligeuka. Nilimwangalia yeye na taa yake. Nikagonga mara mbili, nikageuka tena.

"Tazama juu, Mabula," akasema.

Niliona haya kupita siku ya pamba. Nikatazama juu. Nikagonga, nikageuka. Ilikuwa hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nilisali juu ya shingo hiyo. Kikohozi cha kanisani kilikwisha, lakini shingo ilikataa. Andrea hakukasirika wala kunicheka, na jibu la ile taa hakunipa mpaka tulipozeeka, wala mimi sikuuliza tena. Kila nilipogeuka alisema yale yale, kwa sauti ileile, tazama juu. Naye alinimulikia mahali panapofaa.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja tulipanda ngazi baada ya zamu, tukatoka juani, mimi nakunja macho, nafikiria uji tu. Andrea aliweka taa chini akasimama mbele yangu. Nikadhani kuna kosa.

"Ginehe?" nikamwuliza. "Kuna nini?"

"Leo hukugeuka," akasema. "Tangu asubuhi. Hata mara moja."

Sikuwa nimejua. Nilikaa chini pale pale mdomoni mwa shimo, mbele ya watu, nikalia.